Bizimu ya Kirumi kwenye Shali ya Joweria

Mkono wa Marietha ulijua kabla ya macho yake. Aligusa sindano ya bizimu iliyokuwa mezani kwa ncha ya kidole, nayo ikashuka na kupanda tena upesi, imejaa nguvu. Shaba ya zamani hairuki hivyo. Hii ilikuwa yake mwenyewe, kazi ya juma hili, rangi ya moshi bado mbichi mgongoni.

Alitazama kushoto kwake. Kitambaa cheupe kilikuwa kitupu.

"Ile nyingine iko wapi?" aliuliza, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Alikuwa ametoka nje kidogo tu. Shule ya mwanawe, Precious, ilipiga simu kuhusu mtihani, na kwa kelele za mashine za karakana ya jirani, hapo Al Qusais, Dubai, huwezi kusikia simu ukiwa ndani. Alisimama kwenye korido, akajibu, akarudi. Alipotoka aliacha bizimu mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa ya Madam Afra, pini ya kufungia nguo iliyofuliwa na fundi wa Kirumi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Nyingine ilikuwa nakala aliyoifua yeye, kwa njia ile ile ya Warumi, kwa sababu Madam alitaka nakala iliyofuliwa kwa nyundo, si iliyomiminwa kwenye kalibu.

Tena, na hili ndilo lililompandisha damu kichwani, alikuwa ameuvua uzi mwekundu.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mfagizi aliijua. Kitu cha mteja kinafungwa uzi mwekundu tangu kinapoingia mlangoni mpaka kinapotoka. Kisicho na uzi ni chetu. Marietha ndiye aliyeileta sheria hiyo, tangu alipokuja na diploma yake ya ufundi wa vito kutoka Arusha akakuta pete za watu zimechanganyikana kama maharage. Na leo yeye mwenyewe aliuvua uzi ili alinganishe mizunguko ya springi vizuri, simu ikalia, akatoka. Uzi ulikuwa pale kwenye ukingo wa meza, umejikunja.

Akaenda chumba cha mbele kwa hatua ndefu.

Joweria alikuwa amesimama karibu na dirisha, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, akijipiga picha. Ndiyo ilikuwa kazi yake, mapokezi na picha. Kila kazi ikiisha, Joweria anaivaa, anaipiga picha kwenye mwanga wa dirisha, anaituma kwa wateja. Alikuwa amejitanda shali nzito ya sufu, ya rangi ya majani ya chai, na begani, imebana mikunjo miwili ya shali, ilikaa bizimu ya Madam Afra.

Imefungwa.

"Joweria. Usiguse."

"Eh! Mama Precious, umenishtua. Angalia kwanza, si nimetoka kama malkia?"

"Shusha mikono. Usiiguse hiyo kitu. Usiinue bega. Ukiweza, usipumue."

Joweria alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. "Hii si ile ya kwetu? Haina uzi."

"Haina uzi kwa sababu niliutoa mimi. Hiyo ni ya Madam."

"Allah!" Macho yake yalishuka begani kama aliyeambiwa ana nge. "Maama, mimi nimeifunga. Nilibana kidogo, ikaingia. Halafu nikataka kuitoa nibadilishe upande, ikakataa. Ikalia."

"Ikalia vipi?"

"Tik. Kidogo tu."

Marietha alivaa lenzi yake jichoni, akainama mpaka pua yake ikawa karibu na sufu.

Mtu asiyeijua kazi angedhani bizimu ni kitu rahisi, ndugu wa pini ya nepi. Lakini hii ilikuwa kipande kimoja cha shaba iliyochanganywa na bati, kipande kimoja mwanzo mpaka mwisho. Fundi alianza na ufito mfupi mnene. Nusu yake akaifua ikawa mgongo, umepinda kama goti. Mwisho wa mgongo akaupondaponda ukawa bapa, akaukunja ukawa mdomo wa kushika ncha. Nusu nyingine akaichoma motoni iwe laini, akaifua, akaichoma tena, akaifua tena, mpaka ikawa waya. Waya huo akauzungusha kwenye kijiti cha chuma, mizunguko upande huu, akauvusha chini ya mgongo, mizunguko upande wa pili, na kilichobaki akakinyoosha kikawa sindano. Mwishoni hakuichoma tena. Akaifua ikiwa baridi, kwa sababu nyundo ya baridi ndiyo inayotia springi nguvu. Marietha aliyajua haya kwa vidole vyake. Nakala ya kwanza aliichoma mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, kwa mazoea ya dhahabu, na sindano yake ikalala kama tambi iliyoiva.

Ila shaba huzeeka. Chumvi ya udongo inaila kwa ndani, taratibu, na ile nguvu ya nyundo inageuka kuwa ugumu wa biskuti. Sindano ya Madam Afra iliingia karakanani ikiwa wazi, na Marietha hakuthubutu kuibonyeza hata mara moja. Sasa ilikuwa imebonyezwa, imebana sufu nene mikunjo miwili, na ili itoke mdomoni ilibidi ibonyezwe tena, zaidi.

Karibu na ncha, pale sindano ilipoingia mdomoni, aliona mstari. Mwembamba kuliko unywele. Labda ulikuwepo tangu zamani. Labda ndiyo ile tik.

"Kaa kwenye kiti," alisema. "Polepole. Hiyo shali ni ya nani?"

"Yangu. Dada alinitumia kutoka Kampala, tangu nilipoanza kulia na baridi ya AC."

"Nitaikata."

Joweria akakaa polepole. "Kata. Kata tu, nyabo. Hata nywele ukitaka kata."

Marietha hakuikata kama anayekata nguo. Kwanza alizunguka kwa mkasi mdogo, akatoa kipande cha shali chenye bizimu, akakiweka chini ya taa mezani kwake. Kisha akaanza kuukata uzi mmoja mmoja, akiuvuta kwa kibano kutoka chini ya sindano. Sufu ilipopungua, sindano ilipanda kidogo. Akasimama. Akatazama mstari. Haukuwa umefunguka. Akaendelea. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa AC ilikuwa inavuma, na Joweria, aliyekuwa ameshika taa ya pili, alikuwa anasoma dua chini ya pumzi.

Uzi wa mwisho ulipotoka, bizimu ilibaki mezani peke yake. Salama, lakini imefungwa.

Hapo ndipo Badar aliingia, funguo za gari mkononi.

Badar ndiye mwenye karakana. Alizaliwa Dubai, lakini bibi yake alikuwa mtu wa Malindi, Unguja, na Kiswahili cha nyumbani kwao hakikuwahi kufa. Na wafanyakazi wake wa Afrika Mashariki alisema nao hicho hicho.

"Madam Afra yuko njiani," alisema. "Katoka Al Rigga sasa hivi. Watu wa maonyesho ya vitu vya kale wanakwenda kwake kuichukua bizimu leo jioni. Ishakuwa tayari?" Akaona vipande vya sufu. "Nini hii?"

Marietha alimweleza. Hakuzungusha. Uzi, simu, picha, shali, mstari.

Badar akavuta kiti, akakaa karibu, sauti imeshuka.

"Ifungue."

"Hapana."

"Sikiliza, bibi. Kaileta iko wazi. Wameipiga picha iko wazi. Kisanduku chake kimechongwa iko wazi, hata haiingii ikiwa hivi. Ifungue kabla hajafika, tuiweke, tumpe, khalas. Ye atajuaje?"

"Ikikatika atajua."

"Basi isikatike!"

"Iambie hiyo bizimu, mimi sina la kuiambia."

"Mie sicheki nawe, Mama Precious." Badar aligonga funguo kwenye goti. "Mwanamke huyu nyumba nzima ya jamaa zake inanunua dhahabu kwangu. Akitoka hapa kakasirika, nafunga mlango. Mie nikifunga, viza yako inakwenda wapi? Na weye una mtoto hapa."

"Najua nina mtoto. Nilimzaa mimi."

Lakini maneno yale yalimfika. Viza ya Precious ilisimama juu ya viza yake. Mtihani wa mwisho wa sekondari ulikuwa mwezi wa tano, ada imelipwa, vitabu vimejaa chini ya kitanda katika chumba chao kimoja. Precious hakuwa na shule nyingine ya kukimbilia. Kazi ikikatika leo, mtoto anarudi nyumbani akiwa nusu, hajamaliza huku wala hajaanza kule.

Akaitazama bizimu. Kweli, angeweza kujaribu. Mlango umefungwa, watu watatu tu, wote wenye sababu ya kunyamaza. Ikifunguka salama, hakuna aliyeona.

"Si yetu," alisema mwishowe, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Badar. "Nikiivunja nyuma ya mgongo wake, nimemwibia. Mwenyewe akija akisema fungua, nitafungua. Akisema acha, nitaacha. Mpaka hapo haiguswi."

"Na mie nikisema fungua? Mie si bosi wako?"

"Wewe ni bosi wangu. Si mwenye bizimu."

Badar aliinuka, akazunguka chumba, akasema neno la Kiarabu ambalo Joweria alijifanya hakulisikia.

Marietha hakupoteza muda kumtazama. Alivuta nakala yake, akaifunga, akaifungua chini ya lenzi. Akaifunga, akaifungua. Hii angeweza kuibonyeza apendavyo, shaba mpya haina neno. Alitaka kujua jambo moja tu, ncha inatokaje mdomoni. Watu wote huibonyeza chini, kwa sababu ndivyo mkono unavyotaka. Lakini mdomo ulikuwa umekunjwa upande mmoja tu. Alipoisukuma sindano kando, ikateleza ikatoka kwa kushuka kidogo sana, robo tu ya ilivyoshuka ilipobonyezwa chini. Akarudia. Akachonga kijiti cha mshikaki kikawa chembamba kama ulimi wa kinyonga, akakipenyeza karibu na springi ili kibebe uzito badala ya ile mizunguko. Sindano ikatoka kwa wepesi zaidi.

Kengele ya mlango ikalia.

Madam Afra alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, abaya yake nyeusi haina hata uzi wa nakshi. Alisalimia, akaenda moja kwa moja mezani. Aliongea Kiingereza na Marietha na Kiarabu na Badar, na siku hiyo vyote viwili vilikuwa vikavu.

"Nina haraka. Iko tayari?"

Badar alitabasamu kwa meno yote. "Madam, karibu, karibu chai kwanza. Nakala imetoka nzuri mno, utashangaa. Na ile ya asili, unajua vitu vya kale, wakati mwingine vinabadilika kidogo kwa hali ya hewa..."

"Ilifungwa," Marietha alisema. "Haikubadilika. Tuliifunga kwa makosa."

Badar alifumba macho.

Madam Afra aligeuka taratibu. "Nani?"

"Mimi niliiondoa alama yake. Joweria akaiona haina alama, akadhani ni nakala, akaivaa kupiga picha. Kosa lilianzia kwangu. Nguo nimeikata, nikaitoa bila kuibonyeza. Karibu na ncha kuna mstari ambao sikuwa nimeuona kabla. Sijui ni wa lini."

Madam Afra alinyoosha mkono, Marietha akampa lenzi. Aliinama akaangalia muda mrefu. Aliponyooka, uso wake ulikuwa umekunjamana, na kwa mara ya kwanza Marietha aliona kwamba mwanamke yule naye alikuwa anaogopa.

"Nimekaa nayo tangu baba yangu alipofariki," alisema. "Sikuwahi kuthubutu kuifunga."

"Najua, Madam."

"Hujui." Kisha, "Unaweza kuifungua?"

"Inaweza kufunguka. Inaweza kukatika. Atakayekwambia ana hakika anakudanganya. Ningekuwa mimi, ningeipeleka ikiwa hivyo hivyo, imefungwa."

"Nikiipeleka hivi, kuna kijana kule wa kupanga vitu kwenye makabati ya kioo. Ataikuta haifanani na picha. Atajaribu kwa kidole gumba." Madam alivuta kiti akakaa mbele ya meza, abaya yake akaikusanya magotini. "Ifungue wewe. Hapa."

"Madam, nimesema inaweza..."

"Nimekusikia. Fungua."

Joweria akasogeza taa. Badar akaegemea ukuta, mikono ameikunja kwapani kama anayesikia baridi.

Marietha aliifuta mikono kwa kitambaa kikavu, akaweka lenzi jichoni. Kijiti kikapenya chini ya sindano, karibu na mizunguko, kikagusa. Alisubiri pumzi yake itulie. Kwa mkono wa kushoto akaushika mgongo, kwa wa kulia akaweka ncha ya kijiti cha pili ubavuni mwa sindano, akasukuma kando. Hakuna kitu. Akasukuma tena, uzito wa nzi. Sindano ikasogea. Aliiona chini ya lenzi ikipanda ukingo wa mdomo, ikisita, kama mtu anayesita mlangoni. Mizunguko ya springi ilisogea pamoja nayo, yote kwa pamoja, bila kupasuka. Yule fundi alikuwa ameifua vizuri mno. Akasukuma mara ya mwisho.

Sindano ikatoka. Ikapanda hewani taratibu, ikasimama pale ilipokuwa siku ile ilipoletwa.

"Alhamdulillah!" Badar alipumua.

Joweria akaanza kucheka na kulia.

Marietha hakucheka. Jicho lake bado lilikuwa kwenye lenzi, na ndani ya mdomo, pale ncha ilipokuwa imelala, kitu kilikuwa kimebaki. Punje ndogo kuliko ya mchele. Ncha.

Hakuna mwingine aliyeiona, wala asingeweza kuiona bila lenzi. Sindano iliyopungua punje moja, nani angepima? Angeipuliza tu ingeanguka kwenye vumbi la tupa chini ya meza na kazi ingekuwa imeisha, Precious angefanya mtihani wake, na Badar tayari alikuwa anaita chai.

Alichukua kibano, akaitoa ile punje, akaiweka juu ya karatasi nyeupe mbele ya Madam Afra.

"Ncha imekatika," alisema. "Pale kwenye mstari."

Badar akajitoa ukutani. "Madam, wallahi, huyu mwanamke hafanyi kazi hapa tena, kuanzia sasa hivi, mie mwenyewe..."

"Badar, nyamaza." Madam Afra alikuwa ameinama, lenzi jichoni. Alikaa hivyo mpaka chai ikaletwa na hakuna aliyeigusa. "Ni ya njano," alisema.

"Ndani, ndiyo."

"Imeng'aa kama dhahabu."

"Shaba yenye bati ndiyo rangi yake, Madam. Hiyo ya nje ni uzee. Siku inatoka kwa fundi, ilikuwa ya njano yote."

Madam Afra aliigeuza karatasi kwa ncha ya ukucha, mwanga ukaipiga ile punje. "Hakuna mtu aliyeiona rangi hii tangu siku hiyo," alisema polepole. Halafu akauvua ule upole kama anayevua kiatu. "Ungeifungua kabla sijafika, nikaja nikakuta hivi, ningekwenda polisi. Unaelewa? Nisingesikiliza maneno."

"Naelewa."

"Na wewe pia, Badar." Hakumwangalia. "Ila mimi ndiye niliyesema fungua. Nimekaa hapa, nimeona kwa macho yangu. Watu wa maonyesho nitawaambia imekatika mbele yangu, kwa amri yangu. Isiunganishwe. Gundi isiiguse. Ncha iende kwenye chupa ndogo, na huo ukingo wa njano uonekane."

"Sawa, Madam."

Akaichukua nakala kwa mara ya kwanza, akaifunga na kuifungua kwenye ukosi wa abaya yake. Ikabana sawasawa. Hakusifu. "Hii ifupishwe ncha? Zifanane?"

"Hapana. Iache nzima. Watu waone ilivyokuwa kabla."

Madam Afra alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Alisubiri mpaka bizimu ilipolala kwenye kisanduku chake na ncha kwenye kichupa cha lulu ndogondogo, akavichukua mwenyewe, hakumpa Badar abebe. Mlangoni alisema atapiga simu. Hakusema kuhusu nini.

Gari lilipoondoka, Badar alijitupa kwenye kiti alichokiacha Madam, akajifuta uso kwa kilemba chake.

"Weye una kichwa kigumu, Mama Precious."

"Nimeshaambiwa."

"Nilikwambia uifungue. Ungenisikiliza saa hizi..." Hakumaliza. Aliitazama karatasi nyeupe iliyobaki mezani, tupu. "Mtihani wa mwanao lini?"

"Mwezi wa tano."

"Basi mpaka mwezi wa tano usinifanyie tena hivi. Moyo wangu si wa shaba."

"Hata baada ya mwezi wa tano sitakufanyia," Marietha alisema, akavuta trei ya pete zilizokuwa zinasubiri tangu asubuhi. "Joweria, zima hiyo taa ya pili. Inatuchoma bure."